Uhuru, Bantu na Kucheza: Kiswahili na Ngoma katika Santuri za Randy Weston

Utangulizi

Mnamo mwezi wa Novemba 1960, katika jiji la New York, mpiga piano Randy Weston aliingia studio pamoja na bendi ya wapigaji zaidi ya ishirini na kurekodi kazi aliyoiita Uhuru Afrika. Kazi hiyo, iliyotolewa na kampuni ya Roulette, ina dibaji na sehemu nne: “Uhuru Kwanza”, “African Lady”, “Bantu” na “Kucheza Blues”. Maneno yake yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, muziki wake ukapangwa na Melba Liston, na katika dibaji inasikika sauti ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akighani kwa Kiswahili. Wakati huo Tanganyika ilikuwa bado inautazamia uhuru wake, ambao ulifika tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilikuwa na miaka mitatu zaidi ya kungoja.

Si ajabu, basi, kwamba santuri hii inapotajwa mbele ya wasomi wa Kiswahili hupokewa kwa fahari. Lugha iliyodharauliwa na wakoloni, ambayo hata baadhi ya wenyeji waliiona haifai kwa elimu ya juu, ilichaguliwa na wasanii Weusi wa Marekani iwe ulimi wa bara zima. Fahari hiyo ina sababu, lakini fahari si uhakiki. Maswali yanayofaa kuulizwa ni haya: Je, Kiswahili kinafanya kazi gani ndani ya santuri hii? Je, ule mchanganyiko wa midundo ya Kiafrika na bluzi ambao umemletea Weston sifa unapatikana mahali unapotangazwa, au umo mahali pengine?

Makala hii inadai kwamba katika Uhuru Afrika Kiswahili kimetumiwa kama bendera zaidi kuliko lugha, na kwamba Afrika ya kweli ya santuri hii haimo katika tamko lake bali katika ngoma yake. Dai hilo litachunguzwa kwanza katika majina ya sehemu za kazi hiyo, kisha katika dibaji ya Sanga, kisha katika midundo yenyewe, na mwisho katika santuri ambazo Weston alizirekodi baadaye, alipokwisha kuijua Afrika kwa miguu yake.

Msanii na mazingira yake

Randy Weston alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1926, akafariki huko huko mwaka 2018. Baba yake alikuwa na asili ya visiwa vya Karibi, tena mfuasi wa mafundisho ya Marcus Garvey, na alimlea mwanawe katika imani kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Mama yake alitoka Virginia, katika majimbo ya kusini ambako nyimbo za kanisani na bluzi zilikuwa chakula cha kila siku. Hivyo mambo mawili yanayokutana katika santuri zake yalikutana kwanza nyumbani: Afrika ikiwa fundisho la baba, na bluzi ikiwa sauti ya upande wa mama.

Katika piano walimu wake wakubwa walikuwa Duke Ellington na Thelonious Monk. Kutoka kwao alijifunza kwamba piano si chombo cha kubembeleza tu. Mkono wa kushoto unaweza kuzama katika sauti nzito za chini na kupiga pigo moja mara nyingi, kama mtu anayeita, huku mkono wa kulia ukijibu kwa vifungu vifupi na kuacha kimya kirefu kati ya kifungu na kifungu. Kabla ya 1960 alikwisha kujulikana kwa tungo kama “Little Niles” na “Hi-Fly”. Hata hivyo alikuwa bado hajakanyaga bara la Afrika, na alifika mara ya kwanza mwaka 1961, nchini Nigeria. Afrika ya santuri hii, kwa hiyo, ni Afrika iliyosikiwa, iliyosomwa na iliyotamaniwa, lakini haijaonwa. Jambo hilo si kosa, kwani wahenga hawakumkataza mtu kuimba nchi asiyoijua; lakini ni jambo ambalo mhakiki hana budi kulikumbuka.

Majina na maana zake

Jina la santuri lenyewe linastahili kusimamiwa. Sarufi ya Kiswahili ingetazamia “Uhuru wa Afrika”. Kwa kukosa kihusishi, maneno haya mawili yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni mwito: “Uhuru, Afrika!”, yaani Afrika inaitwa ipate kuamka. Ya pili ni ulinganisho: uhuru ndio Afrika, Afrika ndiyo uhuru. Wala si haki kuuita ufupisho huu kosa la mgeni. Wito wa majukwaani, katika enzi za vyama vya kupigania uhuru, ulikuwa na sarufi yake yenyewe, nayo ilipunguza viungo vya sentensi ili maneno yapate kupigwa kelele na umati. Weston na wenzake walikichukua Kiswahili cha mkutano wa hadhara. Hawakukichukua Kiswahili cha barazani, cha shairi wala cha hadithi, na uamuzi huo unaonekana katika kazi nzima.

“Uhuru Kwanza” nalo ni la jukwaani. Katika miaka hiyo mkoloni alipenda kusema kwamba Waafrika wangoje: kwanza elimu, kwanza uchumi, kwanza ustaarabu, halafu uhuru. Viongozi wa Kiafrika, Kwame Nkrumah akiwa mbele yao, waliugeuza mpangilio huo na kuyatanguliza mamlaka ya kisiasa. Neno moja, “kwanza”, linabeba ubishi wote huo, na hapa mtungaji amekipata Kiswahili hasa, kwa sababu mzungumzaji wa kawaida angesema hivyo hivyo.

Neno “Bantu” lina historia chungu zaidi. Shina -ntu ni mali ya lugha zetu: mtu, watu, utu. Lakini “Bantu” kama jina la familia ya lugha ni zao la dawati la mwanaisimu Wilhelm Bleek katika karne ya 19. Kutoka hapo neno hilo lilichukuliwa na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini, likawa jina la kumtenga mtu Mweusi. Sheria ya elimu ya mwaka 1953, iliyowapangia watoto Weusi elimu ya chini kwa makusudi, ilibeba jina hilo hilo. Katika New York mwaka 1960 neno hilo linatumiwa kwa maana ya udugu na fahari. Neno moja lilikuwa kitambulisho cha unyonge kule Pretoria na cheo cha heshima kule Marekani. Mwaka 1964 serikali ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hii. Mtu anayeudharau uwezo wa majina katika sanaa na aujibu ushahidi huo: mkandamizaji alielewa vizuri sana kwamba jina alilolifanya pingu lilikuwa limegeuzwa bendera.

Jina linalofundisha zaidi ni la mwisho, “Kucheza Blues”. Mtu anayefikiri kwa Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hutumika kwa mtoto anayecheza na kwa mtu anayepiga ala, atalisoma kama “kupiga bluzi”. Mswahili hasomi hivyo. Mswahili hupiga ngoma, hupiga zumari ijapokuwa zumari hupulizwa, hupiga kinanda na hupiga gitaa. Hachezi hata kimoja cha hivyo. (Usemi wa “kucheza gitaa” unaosikika siku hizi ni athari ya Kiingereza.) Anayecheza ni yule aliyemo uwanjani, ambaye mwili wake unaitikia. “Kucheza Blues”, kwa sikio la Kiswahili, ni kuiingia bluzi kwa miguu na mabega.

Haidhuru mtungaji alikusudia maana ipi. Maana ya Kiswahili ndiyo iliyoshinda, kwa sababu ndiyo inayolingana na muziki wenyewe. Sehemu hii ni sherehe ya siku ambayo uhuru umekwisha kupatikana. Wapigaji wanapokezana zamu, na majonzi ambayo wengi huyadhani kuwa ndiyo roho ya bluzi yamegeuzwa kuwa furaha ya uwanjani. Lugha iliyokopwa kwa ajili ya jina imemsahihisha mkopaji bila yeye kutambua.

Dibaji ya Sanga

Katika dibaji Tuntemeke Sanga anaghani kwa Kiswahili maneno yaliyotungwa na Hughes kwa Kiingereza, huku ngoma zikienda chini ya sauti yake. Kwa historia ya fasihi ya Kiswahili dibaji hii ina maana ambayo haijaangaliwa vya kutosha. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi, ambamo vina na mizani viliwekwa kuwa nguzo za utungo. Ugomvi mkali juu ya mashairi huru ulikuja kupamba moto baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Kumbe miaka kumi na minne kabla ya Kichomi maneno ya Kiswahili yasiyo na vina wala mizani yalikwisha kughanwa kishairi na kutiwa katika santuri, mbali na pwani, na mtu aliyekuwa na jambo la haraka la kusema. Haidaiwi hapa kwamba dibaji hii iliathiri mabishano yaliyofuata nyumbani. Inadaiwa tu kwamba hali ya siasa ilikuwa imekwisha kuifungulia lugha mlango huo kabla ya wanazuoni kuanza kubishana kama ufunguliwe.

Pamoja na hayo, dibaji ina udhaifu. Inachosikika ni hotuba juu ya ngoma, wala si ushairi ndani ya ngoma. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mfuatano wa mikazo hiyo huzaa mwendo wake wa pekee. Manju wa ngoma za pwani huujua mwendo huo kwa damu: hulikata neno, hulivuta, huliacha likutane na pigo. Katika dibaji hii maneno yanakwenda njia yake na ngoma zinakwenda yake. Yanaheshimiana, lakini hayazungumzi. Sababu haiko katika sauti ya Sanga, ambayo ina uzito na haiba. Iko katika ukweli kwamba maneno hayo ni tafsiri, na yalitungwa mwanzoni kwa ajili ya lugha yenye mwendo mwingine.

Hapa ndipo nafasi kubwa ilipopotea. Langston Hughes, kuliko mshairi mwingine yeyote wa Marekani, ndiye aliyeiingiza bluzi katika ushairi wa maandishi, tangu diwani yake The Weary Blues ya mwaka 1926. Ubeti wa bluzi una mishororo mitatu. Wa kwanza unatoa neno, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Kila mshororo huchukua baa nne, na jumla yake ni baa kumi na mbili. Mshororo haujazi baa zake zote. Sauti hunyamaza mapema ili chombo kiitikie. Kiswahili nacho kina ubeti wa mishororo mitatu, yaani tathlitha, na kina jadi ndefu ya kuongoza na kuitikia. Tathlitha na ubeti wa bluzi si ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa vina na mizani vya tathlitha vina asili nyingine kabisa. Lakini kama mshairi wa bluzi na mghani wa Kiswahili wangaliketi pamoja kutunga kwa mishororo mitatu, mchanganyiko wa Afrika na bluzi ungalitokea ndani ya lugha. Badala yake mshairi wa bluzi alitoa tamko, na mghani akalitafsiri tamko hilo. Bluzi ikaachiwa vyombo.

“African Lady” ina tatizo la aina hiyo hiyo kwa upande mwingine. Ni utenzi wa kumsifu mwanamke wa Kiafrika, nao unaimbwa kwa Kiingereza na Martha Flowers na Brock Peters. Sauti ya Flowers ni ya mwimbaji aliyefunzwa katika jadi ya opera ya Ulaya. Inapendeza na inagusa moyo. Lakini sifa za mwanamke wa Kiafrika zinaposikika katika koo lililolelewa na opera, msikilizaji anakumbushwa umbali uliopo kati ya msifu na msifiwa. Wako watakaosema kwamba umbali huo ndio ukweli wa historia ya Mmarekani Mweusi, na kwamba msanii mwaminifu hawezi kuuficha. Hoja hiyo ina nguvu, na inafaa ikubaliwe. Hata hivyo haibadilishi hukumu kwamba hapa Afrika ni kitu kinachosemwa habari zake, bado si kitu kinachosema chenyewe.

Midundo: ngoma ya nani?

Midundo ya santuri hii inazua swali gumu zaidi. Lugha ya jina ni ya Afrika Mashariki, na neno “Bantu” linaelekea kusini mwa Ikweta. Lakini waliozishika ngoma ni Babatunde Olatunji, Myoruba wa Nigeria, pamoja na Candido Camero na Armando Peraza, wazaliwa wa Kuba. Na kwenye ngoma za bendi walikuwako Max Roach, Charlie Persip na G. T. Hogan. Hakuna hapa chakacha, hakuna beni, hakuna taarabu. Msikilizaji wa Mombasa au Bagamoyo anayetafuta mdundo wa kwao hataupata. Je, si sawa kusema kwamba Kiswahili kimebandikwa juu ya ngoma za watu wengine?

Jibu la haraka ni ndiyo. Jibu la pili linahitaji kutazama ramani vizuri. Ngoma ndefu za Kuba ziitwazo conga zinahusishwa na Wakongo waliopelekwa kisiwani humo utumwani, nao ni watu wa lugha za Kibantu. Neno “ngoma” lenyewe, kwa maumbo yanayofanana, linapatikana kutoka mlango wa mto Kongo hadi pwani ya Uswahilini na kusini hadi Zululand. Kwa hiyo Wakuba wawili waliokaa katika studio ile walileta sehemu ya Ubantu kwa njia ya Karibi, hata kama aliyeandika neno “Bantu” juu ya jalada hakufuatilia njia hiyo. Zaidi ya hayo, mwaka huo huo wa 1960 bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele iliutangaza uhuru wa Kongo kwa “Indépendance Cha Cha”, wimbo wa Kilingala juu ya mdundo wenye asili ya Kuba. Kinshasa na New York, bila kushauriana, zilitumia Kuba kuusherehekea uhuru wa Afrika. Kisiwa hicho kilikuwa ghala ambamo mali iliyoporwa Afrika ilihifadhiwa, na mwaka ule pande zote mbili zilikwenda kuichukua.

Inafaa kukumbuka pia kwamba kukopa jina kulikwenda kinyume vile vile. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwako tangu mwaka 1932, na baadaye zikaja Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz na nyingine. Wapigaji wa bendi hizo hawakupiga muziki wa New Orleans. Walilichukua neno “jazi”, wakalitia maana yao: magitaa, tarumbeta na dansi ya mjini. Hakuna mtu aliyewashitaki kwa kutoijua Marekani. Kama jazi iliruhusiwa kuwa Kiswahili, uhuru nao waweza kuruhusiwa kuwa Kimarekani. Haki ya kukopa ni moja kwa wote. La kuhakikiwa ni kile ambacho mkopaji amekifanya na mkopo wake.

Na hapa Weston na Melba Liston wanastahili sifa kubwa. Kipimo kinachofaa kuzihukumu sehemu za “Bantu” na “Kucheza Blues” ni lile neno letu, ngoma, ambalo linataja chombo, mchezo na mkusanyiko kwa pamoja. Katika bendi nyingi za jazi za wakati ule ngoma za mkono zilikuwa pambo, kama hina mkononi. Kazi ya bendi ilikuwa tayari, kisha ngoma zikaongezwa. Liston hakupanga hivyo. Katika mpango wake tarumbeta na tromboni huingia kwa vifungu vifupi vinavyoitikia ngoma. Mapengo yameachwa kwa makusudi ili pigo lisikike. Na mkono wa kushoto wa Weston unasimama pamoja na ngoma za chini, si juu yake. Mdundo wa mbili na mdundo wa tatu huwekwa pamoja, na sikio huachiwa kuchagua lifuate upi, kama ilivyo kawaida katika ngoma nyingi za Kiafrika. Bluzi, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na jadi ya kuita na kuitikia, haihitaji kulazimishwa iingie humo. Inajikuta nyumbani.

Jina la Liston hutajwa mara chache kuliko la Weston, na huo ni upungufu wa wahakiki. Yeye alikuwa mpiga tromboni na mpangaji wa muziki wa daraja la kwanza katika ulimwengu uliowabana wanawake. Kama Weston ndiye manju wa kazi hii, Liston ndiye sogora wake, ajuaye kila ngoma iingie lini na inyamaze lini.

Baada ya bendera

Santuri zilizofuata zinathibitisha kwamba msanii mwenyewe alitambua njia ya kufuata. Mwaka 1963 alirekodi Highlife, ambamo alipiga tungo za Waafrika wenyewe, zikiwemo “Niger Mambo” ya Bobby Benson wa Nigeria na “Mystery of Love” ya Guy Warren wa Ghana. Hapa Afrika imeanza kutunga yenyewe, na Weston amekuwa mfasiri wake. Mwaka 1967 alizunguka Afrika Magharibi na Kaskazini katika ziara iliyogharimiwa na serikali ya Marekani, kisha akahamia Tangier, Moroko, akaishi huko hadi 1972 na kuendesha klabu aliyoiita African Rhythms.

Mwaka 1974 alirekodi peke yake santuri ya Blues to Africa. Ndani yake zimo “Uhuru Kwanza” na “Kucheza Blues”, lakini sasa hakuna mghani, hakuna bendi, hakuna Olatunji wala Wakuba. Kuna piano tu. Anayetaka kujua ni kitu gani katika Uhuru Afrika kilikuwa mfupa na ni kipi kilikuwa nguo na azilinganishe santuri hizi mbili. Tamko limekwisha, na nchi nyingi zilizokuwa zikitajwa mwaka 1960 zilikuwa zimekwisha kuonja uhuru pamoja na uchungu wake. Kilichobaki ni mkono wa kushoto unaotoa sauti za chini kama ngoma kuu, na mkono wa kulia unaoitikia kwa sauti za bluzi. Kiswahili kimebaki katika majina tu. Lakini kitenzi kupiga, ambacho lugha yetu hulitumia kwa ngoma na kwa piano bila ubaguzi, kinaieleza santuri hiyo kuliko ukurasa mzima wa sifa.

Hatua ya mwisho ni ya unyenyekevu zaidi. Mwaka 1992, huko Moroko, Weston aliwarekodi mafundi wa Kignawa, na santuri yao ikatoka mwaka 1994. Wagnawa ni wazawa wa watu waliovushwa jangwa la Sahara kutoka kusini, wengi wao wakiwa watumwa. Ala zao ni gimbri, yenye nyuzi tatu na uso wa ngozi, pamoja na makayamba ya chuma. Ngoma zao za usiku huita mizimu, na kila mzimu una rangi yake na wimbo wake. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja ngoma za pepo. Katika santuri hiyo Weston anapiga piano katika kipande kimoja tu. Mara nyingi alieleza kwamba alisikia bluzi ndani ya muziki huo. Mhakiki na aseme kwa uangalifu zaidi: Wagnawa si wazazi wa bluzi, bali ni ndugu zake, kwa kuwa wote ni uzao wa watu waliong’olewa makwao, hawa wakapitishwa jangwani na wale baharini. Lakini hatua ya Weston ni wazi. Mtu aliyeanza kwa kuitangazia Afrika uhuru alifika mahali pa kunyamaza ili Afrika isikike.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika Uhuru Afrika Kiswahili kilitumika kama bendera. Kwamba dibaji na “African Lady” zinatangaza mchanganyiko ambao hazijaufikia. Na kwamba “Bantu” na “Kucheza Blues” zinaufikia, kwa sababu zimejengwa kama ngoma. Imeonyeshwa pia kwamba Weston hakukaa katika bendera, bali alisafiri kutoka neno hadi pigo, na kutoka pigo hadi kusikiliza.

Bendera haidharauliwi. Mwaka 1960 ilihitajika, na makaburu walioipiga marufuku walithibitisha kwamba ilipepea. Wengine waliifuata: sikukuu ya Kwanzaa iliyoanzishwa Marekani mwaka 1966 kwa neno la Kiswahili, na bendi ya Herbie Hancock, ambayo wapigaji wake walijipa majina kama Mwandishi, Mganga na Jabali, na santuri yake ya mwaka 1971 ikaitwa Mwandishi. Katika zote hizo Kiswahili kilivaliwa kama joho. Wenye lugha wana njia mbili za kulipokea jambo hilo. Ya kwanza ni kupiga makofi kila neno la Kiswahili linapotamkwa ng’ambo, na hiyo ni njia ya mtu anayengoja kusifiwa na mgeni ndipo akithamini chake. Ya pili ni kuuliza, kwa heshima ileile tunayompa mshairi wa Lamu au Pemba: neno hili linafanya kazi gani hapa?

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu, kwa jina moja alilolikopa nusu, amewakumbusha wenyeji tofauti kati ya kupiga na kucheza, tofauti ambayo vijana wetu wanaisahau kwa kuiga Kiingereza. Ameacha pia deni ambalo halijalipwa: ubeti wa mishororo mitatu, wa Kiswahili safi, wenye pumzi ya bluzi na nafasi ya kuitikia. Hughes hakuuandika. Hakuna sababu ya kungoja uandikwe New York.